Siku Bibi Yangu Aliposhuka Bariadi

Aibu nyingine mtu huifukia akaenda zake. Hii yangu haikufukika, kwa sababu mashahidi walikuwa wengi mno na wengi wao bado wako hai, na waliotangulia mbele ya haki wamewaachia watoto wao ng'ombe, mashamba na hadithi yangu. Basi bora niisimulie mwenyewe, maana mimi angalau sitaitia chumvi kama wanavyoitia pale sokoni (wanasema nililia, sikulia, lilikuwa vumbi).

Naitwa Wekesa, nimezaliwa Bungoma, Kenya, na kazi yangu ni ufundi wa mashine za kuchambua pamba. Miaka ile ya soko huria kila kitu kilikuwa kinafungwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja. Kwetu kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi kilifungwa, tukaambiwa ndiyo soko huria hilo. Huku Bariadi tajiri mmoja akafungua kiwanda chake binafsi cha pamba, naye akasema ndiyo soko huria hilo, akatuma watu wamtafutie fundi anayezijua mashine kuukuu alizokuwa amezinunua sijui wapi, wakanipata mimi nimekaa kwa shangazi sina la kufanya, na hivyo kitu kile kile kilichoninyang'anya kazi katika nchi moja kikanirudishia kazi katika nchi nyingine. (Msiniulize uchumi zaidi ya hapo.)

Wakati naaga, watu wa kwetu walinipongeza. Unaenda Tanzania, walisema, wewe una bahati, lugha ni ile ile, utakula, utalala, utafanya kazi, nani atajua kwamba umehama? Nami nikaamini. Ningepelekwa Uchina ningekwenda kwa adabu, nikijua kwamba sijui kitu. Mimi nilipelekwa mahali ambapo nilidhani najua.

Mwenzangu, Nasimiyu, alibaki nyuma. Tulikuwa tumefunga ndoa muda mfupi tu uliopita, na kuna jambo moja lazima mlijue kumhusu, vinginevyo hamtaelewa kilichotokea: alinizidi umri kidogo. Kidogo tu, lakini shangazi zangu walikifanya hicho kidogo kiwe wimbo. Akipika, walisema mama amempikia mwanawe. Akinifulia, walisema mama anamfulia mwanawe. Nasimiyu alikuwa akicheka nao mchana, na jioni hasemi. Kwa hiyo kuhamia nchi nyingine, kwa upande wake, hakukuwa suala la pamba hata kidogo. Alitaka kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayehesabu miaka yake. Hata hivyo, siku naondoka aliniambia, "Tangulia utafute nyumba. Nitakuja nione. Nisipopapenda, narudi na basi lile lile."

Siku hizo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga, huo mkoa wa Simiyu haujazaliwa. Nilifika nimejaa vumbi la kutoka Lamadi, nina njaa, nikaingia kwenye mgahawa jirani na stendi, nikaketi, nikasema kama ninavyosema kwetu, "Wewe, leta chai na chapati mbili, haraka." Wallahi sikuwa na ubaya. Kwetu ukisema hivyo mwenye mgahawa anakujibu, "Ngoja basi, kwani unakimbizwa?" na mnacheka. Huyu wa Bariadi aliweka birika chini polepole, akanitazama kwa huruma, akasema, "Kaka, huko utokako kuna mtu amekuudhi?" Mgahawa mzima ukaacha kutafuna. Ndipo nikasikia wenzangu wanavyoagiza: naomba chai, dada, naomba maji, mama, naomba uniongezee sukari. Naomba! Kwetu mtu akianza na naomba, watu wanashika mifuko yao.

Kesho yake ikawa zamu ya kiwandani. Mashine inalia, mkanda unataka kukatika, nikakimbia stoo, nikamwambia mtunza stoo, mzee mmoja anaitwa Ndaki, "Nipatie spana kubwa!" Mzee Ndaki akanitazama. Akasema, "Mwangaluka." Nikasema, "Spana." Akasema, "Mwangaluka." Baadaye nilielezwa kwamba hiyo ni salamu ya Kisukuma ya asubuhi, na kwamba bila hiyo stoo haifunguki. Nilitolewa nje, nikaingia upya, nikaamkia, nikaulizwa habari za nyumbani, nikaulizwa mvua ya kwetu, nikaulizwa ng'ombe (sina ng'ombe, nikasema hawajambo), kisha nikapewa spana kwa heshima zote, na kufika kwenye mashine mkanda ulikuwa umeshakatika zamani.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kunyong'onyea. Karani wa mizani, kijana aliyekulia Dar es Salaam na aliyejiona mjuzi wa kila jambo, ndiye aliyenionea huruma. Akaniambia, "Wewe Mkenya unajitesa bure. Huku kitu usichokielewa, itikia tu. Sema ndiyo, tabasamu, sema ahsante. Umewahi kuona mtu anagombana na mtu anayesema ndiyo?"

Nikafikiri, nikaona ni kweli, sijawahi. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, uamuzi wa kijinga unaofanana kabisa na hekima: kuanzia siku ile, lolote nitakaloambiwa, nikielewa nisielewe, nitasema ndiyo. Na kwa siku kadhaa mambo yalikwenda vizuri ajabu. Nikiulizwa kama niongezewe michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa, ukivila vingi na maji tumbo linakuwa ngoma) nasema ndiyo. Nikiambiwa kitu kirefu kwa Kisukuma, nasema ndiyo, watu wanacheka, nacheka nao. Nikaanza kusifiwa kwamba yule Mkenya amenyooka.

Basi nikaenda kutafuta nyumba. Nikaelekezwa kwa Mzee Masunga, mtu mzima mwenye vyumba viwili vizuri vya bati uani kwake. Nilimkuta ananyoosha plau kwa nyundo. Nikaamkia vizuri (nilikuwa nimeshafuzu kwa Mzee Ndaki), nikaeleza shida yangu, akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Mimi sipangishi kapera," akasema. "Aliyekuwemo alikuwa kapera. Kila siku redio, kila siku wageni."

"Mimi siyo kapera, mzee," nikamwambia. "Mimi niko na bibi."

"Una bibi?"

"Ndiyo. Yuko Kenya. Nikipata nyumba tu namleta, tukae naye."

Mzee Masunga akaweka nyundo chini. "Unamleta bibi yako? Kutoka Kenya mpaka hapa Bariadi?"

"Ndiyo, mzee. Bila yeye hata usingizi sipati."

Akageuka akamwita mkewe, "Mama Sundi! Hebu njoo usikie vijana wa wenzetu!"

Mama Sundi akaja akijifuta mikono, akaelezwa, akanitazama kama mtu anayetazama mvua ya kwanza. "Kwani huko kwenu hakuna ndugu wengine wa kukaa naye?"

Hapo nikapandwa na jazba kidogo, maana niliwakumbuka shangazi zangu. "Nimwachie ndugu? Huyo ni wangu, mama. Nitamtunza mwenyewe."

Mama Sundi akajifuta jicho kwa ncha ya kanga. Kisha akaanza kunihoji, na maswali yake, nawaambia kweli, yalinishangaza. Akaniuliza, "Macho yake yanaona vizuri?" Nikajibu kwamba anaona sana, hata uzi anautunga kwenye sindano mara moja. Akauliza, "Na meno?" Hapo nilisita. Lakini nikajiambia, hawa ni wafugaji, kwa wafugaji ng'ombe huangaliwa meno, pengine ndivyo wanavyoulizia na wanawake, mimi mgeni ni nani niwasahihishe? Nikasema, "Meno yote yako."

"Yote!"

"Yote, na meupe."

"Na kutembea, anatembea mwenyewe?"

"Kutembea, mama? Huyo anakimbia. Akiwa na ndoo ya maji kichwani mimi simfikii."

Mzee Masunga akapiga mluzi. Kisha akanisogelea, akauliza kwa sauti ya baba, "Na wewe mwenyewe, kijana? Mambo ya kuoa?"

Nikacheka. Nilikuwa nimesikia kwamba huku mtu mwenye ng'ombe wengi anaweza kuongeza jiko la pili na hata la tatu, nikadhani ananipima. "Mzee," nikasema, "bibi mmoja ananitosha. Hata nikipewa mwingine bure, sitaki."

Mume na mke wakatazamana kwa majonzi makubwa. Vyumba nikapewa hapo hapo.

Sasa ninyi mnaosoma na mliozaliwa upande huu wa mpaka mmeshaanza kucheka, nawasikia. Na mimi leo najua. Lakini siku ile sikujua, na wa kwetu hawajui hata sasa, hivyo niwaache kwanza wasafiri na mimi katika ujinga wangu, maana ulikuwa ujinga mtamu sana. Habari zilienea. Sokoni wanawake niliokuwa siwajui walinipokea kwa mikono miwili. Mzee Ndaki akawa ananipa spana kwa salamu fupi. Jumapili, kanisani, katekista aliinuka wakati wa matangazo akasema kuna kijana mgeni miongoni mwetu ambaye ni mfano, "ninyi mnaowaacha bibi zenu vijijini wanalala njaa, nyie mko mjini mnakula nyama, mwoneni mwenzenu!" Watu wakageuka kunitazama. Nikakaa wima, nikaona aibu kwa ajili ya wanaume wa Bariadi. Nikajisemea, kumbe watu hawa wanatelekeza wanawake kiasi hiki?

Mama mzazi wa Mzee Masunga alikuwa ajuza mkavu, mcheshi, anaitwa Bibi Minza. (Ndiyo, wote walimwita Bibi. Mimi nilidhani marehemu mumewe alikuwa anaitwa Minza.) Kila jioni aliniita nikae karibu na mlango wake, ananiuliza habari za bibi yangu.

"Anapenda maongezi?"

"Sana. Hanyamazi."

"Anayakumbuka mambo ya zamani?"

"Bibi, huyo hasahau hata moja. Ukikosea leo, mwaka kesho atakukumbusha."

Bibi Minza akafurahi mpaka akapiga makofi. "Mungu amenikumbuka," akasema. "Wenzangu wote wamekwisha. Sasa napata mwenzangu."

Sikumwelewa. Nikasema ndiyo.

Nasimiyu akapiga simu ofisini kiwandani: anakuja Jumamosi. Nilipomweleza Mzee Masunga, akasema watampokea. Nikasema wasijisumbue. "Kumpokea bibi ni kujisumbua?" akauliza, karibu akasirike. Nikajiuma ulimi, nikasema ndiyo, ahsante.

Jumamosi mchana nikafika stendi nikakuta nusu ya mtaa. Mzee Masunga amevaa koti. Kuna mkokoteni wa ng'ombe wawili wapole, juu yake wameweka godoro la pamba na shuka safi, na mtu ameshika mwavuli. Nikafikiri, watu hawa wanajua kupokea wanawake, na bado wanawatelekeza! Akina mama wanaimba. Katikati yao kuna msichana amepakwa mafuta anang'aa, ameshika kibuyu cha maziwa mgando, na Mama Sundi akanisogeza pembeni akasema, "Huyu ni Kabula, mtoto wa mdogo wangu. Bibi akishapumzika tutazungumza naye juu ya huyu." Nikaona msichana anatafuta kazi za ndani. Nikasema ndiyo.

Halafu akaja Mzee Ndaki na fimbo ya mninga, nzuri, imesuguliwa ikalainika. Akanikabidhi kwa mikono miwili. "Ya bibi," akasema.

Hapo kidogo nivunje kiapo changu cha ndiyo. Mwanamume ananipa fimbo ya bibi! Hadharani, katekista yuko pale anatabasamu! Kwetu wapo wanaopiga wake zao, lakini hawagawiwi fimbo na kamati. Nikaipokea, nikasema ahsante, nikaapa moyoni kwamba fimbo ile haitamgusa Nasimiyu hata siku moja.

Basi likaja. Kabla halijasimama vizuri, Nasimiyu akaruka chini: suruali ya jinzi, kofia, begi mgongoni, uso mwekundu wa vumbi. Jamani, nilikuwa nimemkumbuka. Nikatupa fimbo, nikakimbia, nikamkumbatia pale pale mbele za watu, nikamnyanyua juu, naye anacheka ananipigapiga mgongoni, na nikasikia nyuma yangu vigelegele vinapasua anga, nikajua ni vyetu.

Havikuwa vyetu. Nilipogeuka nikaona Mzee Masunga na kondakta wanatoka ndani ya basi wamembeba kizee mmoja mfupi, amekumbatia kapu la karanga, miguu inaning'inia, na akina mama wanampokea kwa nyimbo, wanamlaza kwenye godoro, wanamfungulia mwavuli, na Kabula anapiga magoti kumpa maziwa. Kizee akanywa. Hakuuliza kitu. Akanywa tena.

Kisha nikahisi mkono wa Mama Sundi begani, na haukuwa mkono wa kawaida. "Wekesa! Bibi yako yuko pale hata hujamwamkia, wewe umekumbatia wasichana wa kwenye basi?"

"Msichana gani, mama? Huyu ndiye bibi yangu."

"Nani?"

"Huyu. Nasimiyu. Bibi yangu."

Nyimbo zikakatika moja moja. Mzee Masunga akaja, akamtazama Nasimiyu kuanzia kofia mpaka viatu, akarudi juu tena, akauliza kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, "Huyu ndiye aliyemzaa baba yako?"

"Baba yangu? Mzee, huyu ni bibi yangu! Nimemuoa! Kanisani!"

Mwanamke mmoja akapiga ukelele. "Amemuoa bibi yake!"

"Ndiyo!" nikapaza sauti, kwa kiburi, ili wote wasikie. "Nimemuoa, na sioni aibu!"

Katekista akashika msalaba wake. Mama Sundi akakaa chini mavumbini. Sijui mambo yangeishia wapi kama yule karani wa mizani, aliyekuja kuangalia tu, asingeanza kucheka akiwa ameegemea gurudumu la basi, anacheka anakohoa, mpaka akapata pumzi ya kusema, "Jamani! Jamani, Wakenya mke wanamwita bibi!" Kisha akanigeukia mimi, machozi yanamtoka. "Na wewe, ndugu yangu, hapa bibi ni mama yake baba yako! Au mama yake mama yako! Ni nyanya! Umetuahidi nyanya!"

Nilisimama pale nikiona mwezi mzima unarudi mbele yangu: macho, uzi, meno, mbio, katekista, Bibi Minza, fimbo. Kila ndiyo niliyoisema ikarudi ikanizaba kofi lake. Nikajaribu kujitetea, maana mtu anayezama hushika hata nyasi. "Lakini hata ninyi mnasema bibi harusi!"

"Siku moja tu," Mzee Ndaki akajibu. "Kesho yake anakuwa mke."

Stendi ikalipuka. Walicheka abiria, walicheka wauza miwa, alicheka dereva mpaka akapiga honi kwa kiwiko bila kukusudia. Mzee Masunga akamwendea yule kizee kwenye mkokoteni kumwomba radhi, akamweleza kwamba wamekosea mtu. Kizee akavuta shuka. Akasema, "Mimi natoka Nkololo, habari za Kenya sizijui. Lakini hapa nilipowekwa, sishuki."

Mtu mmoja tu hakucheka. Nasimiyu alikuwa amesimama, begi bado liko mgongoni, uso umefunga kabisa.

"Umewaambia watu mimi ni nyanya yako," akasema polepole.

"Nasimiyu, siyo hivyo, ni lugha..."

"Wameniletea fimbo. Wameniletea godoro." Sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyonitisha. "Nilidhani shangazi zako nimewaacha ng'ambo ile ya mpaka."

Akamgeukia kondakta, akamuuliza basi linarudi lini. Kesho alfajiri. Akamwambia, "Niwekee kiti."

Tukaenda nyumbani. Mkokoteni mbele, na kizee wa Nkololo amejilaza kama malkia. Nyuma yake Nasimiyu, amekataa nimbebee begi. Nyuma yake mimi, na fimbo (mtu aliiokota akanirudishia, watu wa huku hawaibi). Nyuma yangu Bariadi yote. Nikijaribu kumsogelea anaongeza mwendo. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Kweli anakimbia," na kicheko kikaanza upya. Hapo ndipo vumbi liliponiingia machoni.

Nyumbani Bibi Minza alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi, amevaa kanga mpya, amepika uji laini na maboga yaliyopondwa ili mgeni asipate taabu ya kutafuna. Alipoelezwa hakucheka wala hakukasirika. Aliufunika uji wake kwa sahani, na nikaona kwamba kati ya watu wote niliowadanganya bila kujua, huyu ndiye niliyemuumiza. Lakini kizee wa Nkololo alikuwa ameshashushwa, na hakuwa mtu wa kuacha uji upoe. Akaketi, wakaamkiana, wakaulizana koo na vijiji, na mara nikasikia sauti zinapanda: kumbe ujanani walicheza ngoma katika makundi mawili yaliyokuwa yakishindana, na kila mmoja anakumbuka kwamba kundi lake ndilo lililoshinda. Walibishana mpaka jioni, mwana wa yule kizee alipokuja na baiskeli, amemtafuta mji mzima, akaambiwa asubiri kwanza hoja haijaisha.

Mimi na Nasimiyu tulikaa uani, kila mtu kwenye kigoda chake, kama watu wanaongoja hukumu. Mama Sundi akaja akapiga magoti kumnawisha mikono mgeni. Nasimiyu akamzuia, akamwambia, "Mama, naomba uniambie." (Tazameni, yeye siku ya kwanza tu alishajua kusema naomba.) "Huyu aliwaambia nini hasa juu yangu?"

Mama Sundi akanitazama, nikatazama chini. Akaanza kueleza. Kwamba nilisema bila yeye sipati usingizi. Kwamba nilipoulizwa kwa nini nisimwache na ndugu, nilikasirika, nikasema huyo ni wangu na nitamtunza mwenyewe. Kwamba anatunga uzi mara moja.

"Na meno," akasema Mzee Masunga kutoka pembeni.

"Meno?"

"Alisema yote, na meupe."

Nasimiyu akaziba mdomo kwa kiganja. Sikujua kama ni kicheko au ni nini.

"Na mbio," akasema Mzee Masunga. "Na nilipomuuliza habari za kuoa, alisema huyo mmoja anamtosha. Hata akipewa mwingine bure."

"Mimi ndiye yule wa bure," akasema Kabula, aliyekuwa anachochea moto, naye akacheka mpaka akainama. "Nilikuwa niletwe kwa bibi anikague! Afadhali, dada yangu, mimi nina mchumba wangu fundi baiskeli, sikujua nitaanzaje kuwaambia hawa."

"Una mchumba?" akasema Mama Sundi.

Wakaanza kugombana wao kwa wao, na katikati ya ugomvi huo Nasimiyu akawa ananiangalia. Kwetu hatuambiani mambo haya. Sikuwahi kumwambia kwamba sipati usingizi. Nilikuwa nimewaambia watu wa nchi nyingine, kwa mwezi mzima, kila aliyeuliza, nikidhani ndiyo mazungumzo ya kawaida ya kutafuta nyumba.

Akachukua kipande cha mchembe sahanini, akakitafuna kwa meno yale yote. "Ingiza begi ndani," akasema.

Alfajiri kondakta alikuja kupiga honi njiani, kwa sababu kiti kilikuwa kimewekwa. Nikatoka kumwambia asingoje. Akauliza, "Bibi haendi?" Akaondoka anacheka, nikamsikia mpaka kona.

Nasimiyu hakurudi Bungoma ila kwa likizo. Jina la Bibi lilimganda, watoto wa shule walimwita hivyo akiwa bado msichana mbichi, naye aliitika. Mkoa ulipokuja kuitwa Simiyu, aliwaeleza wote kwamba serikali imechelewa tu, jina ni lake. Mimi nilikoma kabisa kusema ndiyo ovyo. Siku hizi nikiambiwa kitu nisichokielewa nauliza, nikijibiwa nauliza tena, nikidhani nimeelewa narudia kwa maneno yangu mwenyewe nione kama mwenzangu atashtuka, mpaka kwenye vikao vya kiwanda watu wanavuta pumzi nikinyoosha mkono. Kuna kijana wa ofisini aliwahi kunung'unika kwamba mzee huyu anachosha. Na achoke. Kumchosha mtu mmoja kwa maswali ni jambo dogo. Mimi nimewahi kusimama katikati ya mji wa watu, nimevimba kifua, nikapaza sauti kwamba nimemuoa nyanya yangu na sioni aibu.